Habari za Baisikeli yenye Vyuma Viwili vya Meno Mbele

Wasikilizaji wangu, kila mtu aliyepata kupanda baisikeli anaijua aibu ya mlima. Kwanza husimama juu ya pedali, akakaza meno na kuvuta usukani kana kwamba anang'oa kisiki. Kisha mwendo hupungua, baisikeli huyumba, naye hushuka. Tangu hapo si yeye achukuliwaye na baisikeli, bali ndiye aichukuaye. Leo nataka kuwapa habari za mtu mmoja wa Ufaransa aliyeikataa aibu hiyo, na jinsi watu wenye nguvu walivyomcheka kwa muda wa miaka mingi.

Lakini kwanza tuelewe jambo lenyewe. Siku moja niliwatoa wanafunzi wangu uani, nikaipindua baisikeli yangu, magurudumu yakawa juu, nikawaambia wahesabu meno. Chuma cha meno cha mbele, kile kinachozungushwa na pedali, kilikuwa na meno 48. Na kile kidogo cha nyuma kilikuwa na meno 20. Nikazungusha pedali mara 5, nao wakahesabu mizunguko ya gurudumu la nyuma kwa kuitazama valvu. Wakapata 12. Tairi yangu ikizunguka mara moja huenda mita 2 na sentimeta 20 hivi. Basi kila mzunguko mmoja wa pedali hunipeleka mbele zaidi ya mita 5.

Nikawauliza, "Je, chuma cha mbele kingekuwa na meno 40 tu, ingekuwaje?" Wakapiga hesabu: gurudumu lingezunguka mara 2 tu kwa kila mzunguko wa pedali, yaani mita 4 na sentimeta 40. Mwendo ni mfupi zaidi, lakini mguu hukanyaga kwa wepesi zaidi. Wala hapa hapana uchawi. Mlima ni ule ule na mzigo ni ule ule, ila umegawanywa katika mafungu madogo, kama mtu ahamishaye gunia la mahindi kwa vikapu badala ya kulibeba lote mara moja.

Sasa turudi Ufaransa. Paul de Vivie alizaliwa katika mwaka wa 1853. Alikuwa mfanya biashara wa hariri katika mji wa Saint-Étienne, mji wa viwanda uliozungukwa na vilima. Katika mwaka wa 1887 aliiacha biashara ya hariri, akafungua duka la baisikeli na kuanzisha gazeti la waendesha baisikeli, ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la Le Cycliste. Katika gazeti hilo alijiita Vélocio, na kwa jina hilo ndilo anakumbukwa hata leo.

Baisikeli za siku zile zilikuwa na mwendo mmoja tu. Husimuliwa ya kuwa siku moja Vélocio alikuwa akipanda njia ya mlima iitwayo Col de la République, karibu na mji wake, akapitwa na mmoja wa wasomaji wa gazeti lake, kijana aliyekuwa akivuta kiko bila wasiwasi. Jambo hilo lilimchoma moyo. Kama angetia chuma kikubwa zaidi ili aende mbio, mlima ungemshinda; na kama angetia chuma kidogo, angechelewa penye tambarare. Akajiuliza: kwa nini mtu alazimishwe kuchagua kimoja tu?

Jawabu lake la kwanza lilikuwa rahisi. Alifunga vyuma viwili vya meno pamoja mbele, kikubwa na kidogo, na mnyororo mmoja. Akifika chini ya mlima alishuka, akauinua mnyororo kwa mkono na kuutia juu ya chuma kidogo. Akifika kileleni aliurudisha. Mikono ilichafuka mafuta, lakini miguu ilipona.

Hata hivyo hila hii ina shida yake. Mnyororo uliotosha chuma kikubwa hulegea ukiwekwa juu ya chuma kidogo. Katika mfano wetu wa meno 48 na 40, mnyororo hulegea kadiri ya inchi 2, na ili kuukaza tena, gurudumu la nyuma lazima lirudishwe nyuma karibu inchi 1. Mnyororo ukiachwa umelegea, hutoka katika meno, na mpandaji huanguka. Ndiyo maana wavumbuzi walitafuta kila njia. Vélocio mwenyewe aliongeza vyuma viwili vingine upande wa kushoto, akapata miendo minne. Baadaye ikaenea njia nyingine: kuweka vyuma kadhaa nyuma, pamoja na kifaa chenye springi kiusukumacho mnyororo toka chuma hata chuma, na kuukaza kila unapolegea.

Mngedhani ya kuwa watu walishangilia. La! Henri Desgrange, aliyeanzisha mashindano ya Tour de France katika mwaka wa 1903, alipinga sana. Naye hakuwa mtu wa kiti tu; katika mwaka wa 1893 alikwenda kilometa 35 na zaidi kwa saa moja. Katika mwaka wa 1902 aliandika katika gazeti lake ya kuwa vyombo vya kubadili mwendo vyawafaa watu waliopita miaka 45. Kwa maoni yake, ushindi upatikane kwa nguvu za misuli, si kwa hila za mitambo. Hata mwaka wa 1910, mashindano yalipopitishwa katika milima mirefu ya Pyrenees, juu ya Tourmalet yenye urefu wa zaidi ya mita 2,100, mashujaa wengine walishuka wakasukuma baisikeli zao kwa mikono.

Ndivyo mambo yalivyokaa hata mwaka wa 1937, mwaka mmoja baada ya Desgrange kuacha usimamizi. Hapo ndipo vyombo vya kubadili mwendo viliporuhusiwa, na Roger Lapébie akashinda. Lakini Vélocio hakuiona siku hiyo. Alikufa katika mwaka wa 1930, alipogongwa na tramu katika mji wake wa Saint-Étienne.

Siku hizi mafundi wengi wa baisikeli za milimani wamekigeuza kile alichoanza nacho: wanaweka chuma kimoja tu mbele, na vyuma 10, 11 au 12 nyuma. Namna imegeuka, lakini hesabu ni ile ile waliyoifanya wanafunzi wangu uani.

Basi ninyi mtakaosukuma baisikeli mlimani kesho, msione haya. Desgrange alidhani ya kuwa kupunguza uzito wa kazi ni kukiri udhaifu. Vélocio alijua ya kuwa mlima haumuulizi mtu alitumia nguvu kiasi gani; humuuliza kama alifika. Wahenga wetu walikwisha kusema: haba na haba hujaza kibaba.