Kakata Mwili, Sauti Je?

Wadau, staa akipungua ghafla mnauliza kama kafanya oparesheni. Mie nauliza: sauti je?

Mwaka 2004 Deborah Voigt, mwimbaji wa opera wa Marekani, alienguliwa kwenye onyesho la Royal Opera House, London. Kisa? Kigauni cheusi na unene wake. Mwaka huohuo akafanyiwa oparesheni ya kupunguza tumbo, kilo zikashuka kibao. 2008 akarudi jukwaa lilelile.

Koo halikuguswa, ila pumzi ilibadilika. Zamani mwili mzito ulimsaidia kusukuma sauti, sasa ikabidi misuli ijifunze upya. Wengine wakasema sauti imekuwa nyembamba.

Jamani, kigauni si fundi angekipanua tu? Sauti inashonwa wapi? Tupieni maoni.