Ghala limejaa, mama ana njaa

Sembe tunayokula mijini mara nyingi imetoka Iringa, mkoa uliohesabiwa kwa miaka mingi miongoni mwa minne mikuu ya mahindi nchini, pamoja na Mbeya, Rukwa na Ruvuma.

Hata hivyo, ni Iringa hiyo hiyo ambako mwaka 1983 Serikali, ikishirikiana na UNICEF na WHO kwa fedha za Italia, ilianzisha mpango wa lishe katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito, na wanavijiji wakajadili kwa nini wanadhoofu. Ilionekana kwamba chakula pekee hakikuwa jibu. Kulikuwa na maradhi, na kulikuwa na mzigo wa kazi wa akina mama: jembe, kuni, maji, jiko.

Mjamzito anayetumia nguvu nyingi kuliko anazopata sahanini, anayeugua malaria, na aliyeshika mimba kabla mwili haujapumzika, hudhoofika hata kama ghala limejaa. Mtoto naye huanza kudumaa angali tumboni.

Mwaka 1990 UNICEF iliuchukua uchambuzi wa aina hiyo kuwa mwongozo wake duniani. Lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka 5 wamedumaa.

Basi tusihesabu magunia tu. Mume anayempokea mkewe mjamzito ndoo ya maji, huyo naye amemlisha mwanawe.