Seramiki ya mu batri: inatengenezwa gisi gani, na Katanga iko na nafasi gani?

Mu muji wa Lubumbashi kila siku tunasikia habari ya kobalti, litiumu na batri ya motoka ya umeme. Kuna neno lingine lenye linaanza kusikilika: batri yenye haina maji ndani, yenye kutumia seramiki. Wasomaji wetu, hapa tunaeleza hii seramiki ni nini, inatengenezwa namna gani, na inaweza kugusa namna gani madini yetu.

Seramiki ni kitu gani?

Ni unga wa mawe ao udongo wenye umechomwa mu moto mukali mpaka punje zake zinashikamana. Tofali ni seramiki, nyungu vilevile. Kutoka Kasomeno mpaka Lubumbashi watu wanajua hii kazi: unachukua udongo wa kichuguu, unatia maji, unafinyanga, unakausha, kisha unachoma. Tofali inatoka nguvu, lakini ndani inabaki na matundu madogo. Ndiyo maana ukiitia mu maji, inakunywa. Nyungu nayo inatoa maji kidogo kidogo, na ile ndiyo inafanya maji ya kunywa ibaki baridi.

Kwa tofali matundu haina shida kubwa. Kwa batri, matundu ndiyo adui.

Ioni ni nini, na inapita wapi?

Ioni ni atomu yenye imepoteza ao imeongeza elektroni, basi inabeba chaji ya umeme. Mu waya wa shaba, elektroni ndizo zinatembea. Mu batri, ioni za litiumu nazo zinatembea kutoka upande mumoja kwenda upande mwingine, ukichaji, zinarudia. Mu telefone zetu zinapita mu maji fulani ya kemikali. Yale maji inawaka moto. Batri ikitobolewa, ikipondwa ao ikipata moto sana, inaweza kulipuka.

Seramiki fulani zinapitisha ioni bila maji yoyote. Ndani ya kristali yake mna njia ndogo sana, na ioni inaruka kutoka nafasi moja mpaka ingine. Tusichanganye: zile njia za kristali ni za lazima, zinapita atomu tu. Matundu yenye kubaki kati ya punje ni kitu kingine, na ni ubaya.

Je, ni kitu kipya?

Hapana. Mu mwaka 1897 Mujerumani Walther Nernst alitengeneza taa ya kijiti cha zirkonia, seramiki yenye kupitisha ioni za oksijeni ikiwa moto.

Mafundi wa motoka wa hapa wanashika zirkonia mara mingi bila kujua jina lake. Ni ile sonde lambda ya mu bomba la moshi. Kampuni Bosch iliianzisha mu motoka mwaka 1976. Inapima oksijeni yenye inabaki mu moshi, ili ordinateri ya motoka ijue kama inatia esanse mingi ao kidogo.

Mu mwaka 1967, watafiti wa Ford kule Marekani walionyesha batri ya sodiamu na salfa yenye kutumia seramiki inayoitwa beta-alumina. Na Afrika haikubakia nyuma: kule Pretoria, Afrika ya Kusini, mu miaka ya 1970 na 1980, Johan Coetzer na wenzake walitengeneza batri yenye jina ZEBRA. Herufi za mwisho za hilo jina zinasema "utafiti wa batri Afrika". Ndani yake mna bomba la beta-alumina, na inafanya kazi ikiwa na moto wa karibu digri 300.

Kwa litiumu, hatua kubwa ilikuja mwaka 2007. Murugan, Thangadurai na Weppner walitangaza seramiki yenye litiumu, lantani, zirkoniamu na oksijeni. Kwa kifupi inaitwa LLZO.

Inatengenezwa gisi gani?

1. Kupima na kuchanganya. Unga wa kila madini unapimwa vizuri na unasagwa pamoja. Uchafu kidogo unaharibu kazi.

2. Kuchoma mara ya kwanza. Madini inaungana na kuwa kitu kimoja. Kisha inasagwa tena mpaka unga mulaini sana.

3. Kufinya. Unga unatiwa mu forme na kufinywa kwa mashine, ao unachanganywa na gundi na kutandazwa sawa karatasi. Hapa karibu nusu yake ingali hewa.

4. Kuchoma mara ya mwisho. Tofali inachomwa karibu digri 900 mpaka 1000. LLZO inaomba kupita 1100, zirkonia karibu 1400 ao 1500, beta-alumina karibu 1600. Mu ule moto punje zinashikamana, matundu inafungika, na kipande kinapunguka sana. Lengo ni kupunguza matundu mpaka isipite asilimia 5. Wengine wanataka hata chini ya pale.

5. Kupima. Kipande kinapimwa uzito mu hewa na mu maji, ili kujua hewa ngapi imebaki.

Shida iko wapi?

Ya kwanza, litiumu inakimbia. Mu moto mukali inageuka mvuke na kutoka. Basi watengenezaji wanaongeza litiumu kidogo mbele ya kuchoma, na wanafunika kipande na unga wa aina ileile.

Ya pili, tundu ao ufa mudogo unafungulia litiumu njia. Wakati wa kuchaji, litiumu inaweza kuota sawa muzizi, ikapenya seramiki na kugusa upande mwingine. Pale batri imekufa.

Ya tatu, LLZO haipendi hewa yenye maji. Inafanya ngozi ya juu yenye kuzuia ioni. Mu majira yetu ya mvua ingeomba chumba chenye hewa kavu.

Ya ine, umeme. Tanuru inashika moto masaa mingi bila kutingishika. Umeme ukikatika katikati, vipande vinaweza kupasuka, na kazi yote inapotea.

Na sisi, tuko wapi ndani?

Watu wanauliza: hii seramiki itaua kobalti yetu? Seramiki inachukua pahali pa yale maji. Kobalti iko upande mwingine, ule wa plus, na inaweza kubaki pale. Chenye kinapunguza hitaji la kobalti ni batri za chuma na fosfati, zenye hazitumie kobalti hata kidogo. Kwa litiumu ya Manono, mu jimbo la Tanganyika, batri za seramiki zinaweza hata kuomba mingi zaidi.

Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, lakini batri zinatengenezwa mbali. Mu mwezi wa ine 2022 Kongo na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kutengeneza batri pamoja, na mwaka uleule kituo cha Afrika cha utafiti wa batri kilifunguliwa Lubumbashi pamoja na Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Mbele yake, mwaka 2021, utafiti wa BloombergNEF ulisema kiwanda cha unga wa kwanza wa batri, tani 10 000, kingejengwa Kongo kwa dola milioni 39, na Marekani kwa milioni 117.

Ule unga si seramiki yenye kupitisha ioni, lakini ni shule ya kazi ileile: kusafisha madini, kupima, kusaga, kuchoma bila kukosea. Basi kiongozi akitangaza kiwanda cha batri, tumuulize mambo matatu: umeme utatoka wapi, nani atasafisha madini mpaka usafi wenye kuombwa, na vijana wangapi watafundishwa hii kazi.