Nondo mpya hutambuliwaje?

Nondo ni yule mdudu anayefanana na kipepeo, ambaye usiku huizunguka taa. Aina nyingi hufanana sana kwa macho. Wataalamu hujuaje kwamba mmoja ni wa aina mpya?

Mwaka 2017, mtaalamu wa wadudu wa Kanada, Vazrick Nazari, alitangaza nondo mpya anayeishi California, Marekani, na Baja California, Meksiko. Mabawa yake yakikunjuliwa ni kama sentimita moja tu. Kichwani ana magamba ya manjano iliyofifia yanayofanana na nywele, ndiyo maana akaitwa Neopalpa donaldtrumpi, kwa jina la Donald Trump.

Lakini rangi peke yake haitoshi. Ukimshika nondo, magamba hupukutika kama vumbi. Nazari alichunguza pia viungo vya uzazi kwa hadubini, akavilinganisha na vya ndugu yake wa karibu, Neopalpa neonata. Vilitofautiana kwa umbo na ukubwa. Vipimo vya vinasaba navyo vilionyesha tofauti.

Jambo hili linamgusa mkulima. Viwavijeshi vamizi, walioripotiwa Afrika mwaka 2016, ni watoto wa nondo, na mtego unaweza kunasa nondo wengine wanaofanana nao. Kwa hiyo kagua pia mahindi yenyewe. Kiwavi huyo ana alama ya Y iliyopinduliwa kichwani, na madoa manne meusi yaliyokaa kimraba karibu na mkia. Ukiwa na shaka, mwonyeshe afisa ugani kabla ya kununua dawa.