Microsoft na mwaka wa sura mpya: Kwa nini watumiaji walidai kitufe chao kirudi

Katika miezi michache ya mwaka 2012, kampuni ya programu za kompyuta ya Microsoft, yenye makao makuu Redmond katika jimbo la Washington nchini Marekani, ilibadilisha karibu kila kitu ambacho wateja wake waliitambua kwacho. Nembo, ukurasa wa mbele wa tovuti, huduma ya barua pepe na mfumo endeshi wa Windows vilivikwa sura mpya, na baadhi yake vikapewa majina mapya.

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi kingawa kidonda. Kwa Microsoft, methali hiyo ilitimia nusu tu. Baadhi ya mabadiliko yalipokewa kwa utulivu, ilhali mengine yalizusha malalamiko yaliyochukua takriban miaka mitatu kutulizwa.

Nembo baada ya miaka 25

Tarehe 23 Agosti 2012, siku ilipofungua duka lake mjini Boston, Microsoft ilizindua nembo mpya: jina la kampuni kwa herufi nyepesi za kijivu, na pembeni yake miraba minne yenye rangi nyekundu, kijani, buluu na manjano. Nembo iliyotangulia, yenye herufi nene zilizolala mshazari, ilikuwa imetumika tangu mwaka 1987.

Mapema mwaka huohuo, mfumo wa Windows nao ulikuwa umepata nembo yake mpya, iliyobuniwa na Paula Scher wa kampuni ya usanifu ya Pentagram. Hoja yake ilikuwa rahisi: bidhaa inaitwa madirisha, lakini nembo yake ilikuwa imegeuka bendera inayopepea. Akairudisha katika umbo la dirisha la rangi ya buluu.

Wapo waliozisifu nembo hizo kwa wepesi wake, na wapo waliozibeza kwamba hazikuhitaji ubunifu wowote. Hata hivyo, mjadala huo ulipoa upesi. Nembo hutazamwa tu. Kubadilika kwake hakumzuii karani kuchapa barua wala mwanafunzi kufungua somo lake.

Tovuti inayojipima na skrini

Ukurasa wa mbele wa tovuti ya kampuni nao ulisanifiwa upya mwaka huo, kwa mtindo uliokuwa ungali mchanga. Badala ya kutengeneza ukurasa mmoja wa kompyuta na mwingine wa simu, wabunifu walitengeneza ukurasa mmoja unaojipanga wenyewe kulingana na upana wa skrini. Picha hupungua, safu za maandishi hushuka moja chini ya nyingine, na msomaji halazimiki kuvuta ukurasa huku na huku.

Njia hiyo ilikuwa imeelezwa na msanifu wa tovuti Ethan Marcotte mwaka 2010, miaka miwili tu kabla. Wataalamu wa usanifu waliipongeza Microsoft kwa kuikubali mapema, kwa kuwa makampuni makubwa ya wakati huo kwa kawaida yalikuwa mazito kubadilika. Kwa mtumiaji wa kawaida mabadiliko haya hayakuwa na gharama. Aliyekuja kutafuta programu au msaada aliupata, tena kwa urahisi zaidi akiwa na simu.

Hotmail yageuka Outlook

Jambo lililogusa watu wengi zaidi lilikuwa barua pepe. Huduma ya Hotmail ilianzishwa Julai 1996 na Sabeer Bhatia na Jack Smith, ikanunuliwa na Microsoft mwishoni mwa mwaka 1997. Kwa watu wengi wa Afrika Mashariki waliojifunza intaneti katika mikahawa ya kulipia kwa dakika, anwani ya kwanza maishani ilikuwa ya Hotmail au ya Yahoo. Anwani hiyo iliandikwa kwenye barua za kuomba kazi na fomu za masomo, na ndiyo iliyowaunganisha na ndugu walioko ughaibuni.

Tarehe 31 Julai 2012, Microsoft ilifungua kwa majaribio huduma ya Outlook.com iliyokusudiwa kuchukua nafasi ya Hotmail. Kampuni ilieleza kwamba watu milioni moja walijiandikisha katika saa sita za mwanzo. Kufikia Mei 2013 ilikuwa imemaliza kuwahamisha watumiaji wa Hotmail zaidi ya milioni 300.

Kundi kubwa kiasi hicho lilihama bila ghasia kubwa kwa sababu Microsoft haikuzifuta anwani za zamani. Mwenye anwani iliyoishia na hotmail.com aliendelea nayo, na barua zake zikabaki mahali pake. Jina la huduma lilibadilika, lakini jina la mtu halikuguswa.

Kitufe kilichotoweka

Mambo yalikuwa tofauti kwa Windows 8, iliyoingia sokoni tarehe 26 Oktoba 2012. Tangu Windows 95 ilipozinduliwa Agosti 1995, safari ya kila mtumiaji ilianzia kwenye kitufe kimoja kilichokaa pembe ya chini kushoto. Kupitia hapo alifungua programu, alitafuta faili na, mwisho wa kazi, alizima mashine. Windows 8 ilikiondoa kitufe hicho na kuweka skrini nzima ya vigae vya rangi, iliyobuniwa kwa ajili ya kuguswa kwa kidole.

Nia ya kampuni ilieleweka. Kompyuta bapa zilikuwa zikinunuliwa kwa kasi, na Microsoft ilitaka mfumo mmoja utakaofaa mashine za kila aina. Lakini kompyuta nyingi zilizokuwapo maofisini na majumbani hazikuwa na skrini ya kuguswa. Mwenye kipanya na kibodi alijikuta akitafuta mlango katika nyumba aliyoishi miaka 17. Hata kuzima kompyuta kulihitaji kwanza kuibua menyu iliyofichwa ukingoni mwa skrini upande wa kulia.

Wapo watengenezaji programu walioona fursa. Start8 na Classic Shell ni miongoni mwa programu zilizotumiwa kurejesha menyu ya zamani. Microsoft yenyewe ilitangaza Mei 2013 kwamba imeuza leseni milioni 100 za Windows 8, lakini ikakiri pia kwamba wateja walihitaji msaada zaidi katika kuizoea.

Tarehe 17 Oktoba 2013 ilitoka Windows 8.1, ikiwa na kitufe kilekile pembeni. Hata hivyo, ukikibonyeza kilikupeleka kwenye vigae vilevile. Menyu kamili ya kuanzia ilirejea na Windows 10, tarehe 29 Julai 2015.

Majina yaliyoachwa

Wakati huohuo, kampuni ilipata matatizo na majina. Mtindo wake wa vigae, ulioanza kwenye simu za Windows Phone mwaka 2010, ulijulikana kama Metro. Agosti 2012 Microsoft iliacha kulitumia jina hilo, ikisema lilikuwa jina la ndani la kazi tu. Taarifa za vyombo vya habari zililihusisha uamuzi huo na kampuni ya biashara ya rejareja ya Ujerumani yenye jina hilohilo.

Mwaka uliofuata, mahakama nchini Uingereza iliamua kwamba jina la hifadhi yake ya mtandaoni, SkyDrive, liliingilia haki za alama ya biashara za kampuni ya televisheni ya BSkyB. Pande hizo mbili zikapatana, na mapema mwaka 2014 huduma hiyo ikaitwa OneDrive.

Mzigo huangukia nani?

Katika Afrika Mashariki, ambako wengi hujifunza kompyuta katika madarasa ya miezi michache au kwa kusimama nyuma ya mwenzao kwenye steshenari, ujuzi wa kompyuta mara nyingi ni kumbukumbu ya mahali: bonyeza hapa, kisha pale. Mwalimu huanza somo la kwanza kwa kuonyesha kitufe cha kuanzia. Kitufe kikiondoka, vijitabu vya mafunzo huchakaa siku hiyohiyo, na aliyelipa ada hulazimika kujifunza upya alichokwisha kukilipia.

Kwa Kiswahili mzigo huo huwa mzito zaidi. Microsoft ilianza kutoa vifurushi vya Kiswahili vya Windows na Office katika muongo wa kwanza wa karne hii. Kila sura mpya huja na maneno mapya, na kila neno humtaka mfasiri atafute istilahi ambayo mtumiaji ataielewa kwa kuitazama mara moja. Istilahi huota mizizi kwa kurudiwa, na isiporudiwa, mtumiaji hurejea kwenye Kiingereza.

Jina jipya kwa enzi ya akili bandia

Suala hili lingalipo. Mwishoni mwa mwaka 2022 kampuni ilianza kuiita programu na tovuti ya Office kwa jina la Microsoft 365. Januari 2025 ikaongeza neno jingine, Microsoft 365 Copilot, Copilot likiwa jina la msaidizi wake wa akili bandia. Word, iliyoanza mwaka 1983, na Excel, iliyoanza mwaka 1985, hazikubadilishwa majina.

Kisheria, jina na sura ya programu ni mali ya kampuni. Lakini mazoea ni mali ya mtumiaji, aliyoyapata kwa muda na fedha zake mwenyewe. Mwaka 2012 Microsoft ilipoyaheshimu mazoea hayo, kama ilivyofanya kwa anwani za Hotmail, mamilioni walihama kwa amani. Ilipoyapuuza, ililazimika kukirudisha kitufe.