Nani Ajuaye Kusoma? Maandishi na Wahusika katika Michezo ya Dhima, 1974–2018

Mchezo wa Dungeons & Dragons, uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974, haujashughulikiwa vya kutosha na wahakiki wa fasihi, ingawa una sifa nyingi za utambaji. Wachezaji huizunguka meza. Mmoja wao husimulia yanayotukia katika ulimwengu wa kubuni, wengine hubeba kila mmoja dhima ya mhusika wake, na dadu huamua nani ameshinda na nani ameangamia. Hii ni sanaa ya mdomo inayotawaliwa na vitabu. Ndiyo maana swali la nani miongoni mwa wahusika ajuaye kusoma si dogo kama linavyoonekana: kila kanuni inayolijibu hubeba, pasi na kukusudia, maoni ya watunzi wake kuhusu mtu asiyejua kusoma.

Vijitabu vitatu vya mwaka 1974 havikujali barua wala daftari. Kusoma kulikotajwa humo ni kwa namna mbili, na zote mbili ni uganga: uganga wa kufasiri maandishi ya kichawi, na uganga wa kufasiri lugha ngeni, hasa zile za ramani za hazina. Hata mchawi mwenyewe hakuweza kuzielewa hati za uchawi bila ya kuufanya kwanza uganga huo wa kwanza. Aidha, gombo la uchawi lilisomwa mara moja tu. Likishasomwa, maandishi yake hutoweka. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atakumbuka kombe, ambalo aya zake huandikwa kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji na kunywewa na mgonjwa. Ulinganisho huu usivutwe mbali mno, kwani nyuma ya kombe kuna imani hai ilhali nyuma ya gombo kuna burudani; lakini pote pawili andiko hufanya kazi yake kwa kuangamia. Katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978, mwizi naye alipewa fursa: akifika daraja la nne, alikuwa na uwezekano wa asilimia 20 wa kuifasiri lugha asiyoijua. Basi mjuzi wa lugha, mbali na mchawi, akawa mhalifu.

Hatua yenye athari kubwa zaidi ilikuja mwaka 1981, katika toleo la wanaoanza lililohaririwa na Tom Moldvay. Humo ujuzi wa kusoma uliambatanishwa na alama ya Akili, ambayo hupatikana kwa kurusha dadu tatu. Mwenye alama 5 au chini yake hajui kusoma wala kuandika. Mwenye 6 hadi 8 huandika maneno mepesi tu. Kuanzia 9 husoma na kuandika lugha zake bila taabu. Kwa hesabu ya dadu, wasiojua kabisa ni 10 katika kila 216, yaani hawafiki hata watano katika mia. Huo ni ulimwengu wa ngome na mapanga unaodaiwa kufanana na Ulaya ya kale, lakini una wasomaji wengi kuliko nchi nyingi za karne ya ishirini! Kosa la hesabu, hata hivyo, ni jepesi kuliko kosa la fikra. Kanuni hii humfanya asiyesoma kuwa mpumbavu kwa ufafanuzi. Einhard, aliyeandika maisha ya mfalme Charlemagne (aliyefariki mwaka 814), anaeleza kwamba mfalme huyo aliweka vibao vya kuandikia chini ya mito ya kitanda chake ili ajifunze herufi, asifanikiwe sana kwa kuwa alianza uzeeni. Mtu huyohuyo alizungumza Kilatini na kusomewa vitabu wakati wa chakula. Jedwali la mwaka 1981 halina mahali pa kumweka.

Wapo waliokwisha kuliona jambo hili kwa jicho jingine. RuneQuest ya mwaka 1978 ilitenga kusema lugha na kuisoma, kila kimoja kikiwa stadi yenye asilimia zake na inayofunzwa peke yake. Warhammer, mchezo uliotoka Uingereza mwaka 1986, ulikwenda mbali zaidi kwa kuufanya ujuzi wa kusoma ufuate kazi ya mtu. Karani anao, mwanafunzi anao, anayejifunza uchawi anao. Mwinda panya hana, hata awe na akili za kumshinda karani. Hapa kutojua kusoma kunaelezwa kwa nafasi ya mtu katika jamii, na hoja hiyo ingekubaliwa na mwanahistoria yeyote.

Toleo la tatu la Dungeons & Dragons, la mwaka 2000, liliwapa wote kisomo isipokuwa tabaka moja: lile ambalo Kiswahili hakina budi kuliita la «washenzi». Neno hilo linachoma, na linastahili kuachwa lichome, kwa kuwa kanuni yenyewe inaurudia mgawanyo uleule wa mshenzi na mstaarabu ambao lugha hii iliurithi kutoka miji ya pwani. Mshenzi wa mchezo huu aweza kuwa na Akili sawa na ya mchawi, naye bado hasomi. Hulazimika kulipia kwa alama mbili za ujuzi. Na akipata daraja moja tu katika tabaka jingine lolote, hata la wizi, hujua kusoma papo hapo, bila mwalimu wala ubao. Hakuna kinachosemwa kuhusu nyimbo, nasaba na sheria ambazo watu wa namna hiyo huzihifadhi kichwani. Kinachochekesha zaidi ni kwamba mchezaji huyajua yote haya kwa kuyasoma kwenye karatasi ya mhusika wake.

Toleo la mwaka 2014 liliufuta ubaguzi huo kwa kumpa kila mhusika uwezo wa kusema, kusoma na kuandika lugha zake. Haki ilitendeka, ila tukio moja la kisanaa lilipotea: shujaa anayepokea barua yenye lakiri na kulazimika kumtafuta mtu wa kumsomea, asijue kama amesomewa yote yaliyomo. Katika toleo la nne la Warhammer, la mwaka 2018, kusoma na kuandika bado ni kipawa cha kutafutwa, na mwenye barua bado humtegemea karani.