Kiraka cha Maclaren: Gilwell na Skafu Yake

Ukikutana na kiongozi wa skauti aliyehitimu mafunzo ya Wood Badge, awe Moshi, Machakos au Manchester, mtazame mgongoni. Kwenye pembe ya skafu yake, pale inaposhukia kati ya mabega, pameshonwa kiraka kidogo cha kitambaa cha drafti. Ni drafti ya ukoo wa Maclaren wa Scotland, na huyo aliyeivaa huenda hajawahi kumwona mtu wa ukoo huo. Kiraka hicho ndicho kinachotukumbusha jinsi Gilwell Park, kambi na chuo cha viongozi wa skauti, ilivyozaliwa kandokando ya msitu wa Epping, nje kidogo ya London.

Skafu yenyewe ni kongwe kuliko Gilwell. Robert Baden-Powell aliizoea vitani Matabele mwaka 1896, alikokuwa pamoja na mpelelezi Mmarekani, Frederick Russell Burnham. Huko kitambaa cha shingoni kilikinga jua na vumbi. Alipoanzisha uskauti, alitaka kijana avae kitu cha kazi. Skafu ya pembe tatu hubeba mkono uliovunjika, hufunga jeraha, na zikiunganishwa kadhaa zinakuwa kamba. Tena katika kitabu chake cha 1908 aliwafundisha vijana kufunga fundo kwenye nguo ya shingoni kila asubuhi, wasilifungue mpaka wamemtendea mtu wema siku hiyo. Kwangu mimi, fundo hilo linaeleza skafu kuliko hotuba zote za siku za kuapishwa. Kijana anatembea na deni shingoni, na watu wote wanaliona.

Mwishoni mwa mwaka 1918 William de Bois Maclaren, kamishna wa skauti kutoka Scotland, alikuwa London. Kilichomsikitisha ni kuona vijana wa mashariki ya jiji, watoto wa vichochoro vya bandarini, hawana mahali pa kupiga kambi. Akajitolea kuwanunulia. Maskauti wakazunguka kutafuta, na mmoja wao akakumbuka Gilwell, shamba moja la zamani alilokuwa akienda kuangalia ndege. Nyumba yake ilikuwa imechakaa, bustani zimegeuka kichaka. Maclaren alitoa pauni 7,000 za kulinunua, kisha akaongeza nyingine 3,000 za matengenezo.

Waliotangulia kufika kulifyeka walikuwa vijana, sikukuu ya Pasaka ya mwaka 1919. Usiku ule wa kwanza ardhi ilikuwa imelowa, hema hazikusimamishika, wakalala kwenye kibanda cha mtunza bustani. Wakakibatiza jina, Banda la Nguruwe, nacho kimetunzwa hadi leo. Napenda kwamba taasisi inayoheshimiwa dunia nzima imehifadhi kibanda kile kwa jina lilelile.

Shamba lilifunguliwa rasmi Julai 1919, na Septemba hiyohiyo yakaanza mafunzo ya kwanza ya viongozi chini ya Francis Gidney, yakiwa na washiriki wasiofika hata 20. Waliofuzu walipewa vishanga viwili vya mti vilivyotungwa kwenye ugwe wa ngozi, ndiyo hiyo Wood Badge. Vile vya mwanzo vilitoka katika mkufu ambao Baden-Powell alirudi nao kutoka vita vya Uzulu.

Skafu ya Gilwell nayo ilikusudiwa kuwa shukrani kwa aliyenunua shamba. Mwanzoni ilishonwa yote kwa drafti ya Maclaren, lakini kitambaa kile kilikuwa ghali mno. Wakachukua kitambaa cha kawaida, drafti ikabaki kiraka. Kwa nje waliteua kijivu cha njiwa, rangi ya unyenyekevu, na kwa ndani wekundu, rangi ya moyo mkunjufu. Maclaren alifariki mwaka 1921, asione shukrani hiyo ikisambaa mabara yote.

Palepale Gilwell ndipo ilipopatikana pete ya skafu. Zamani skafu ilifungwa kwa fundo, nalo lilikunja na kuchakaza kitambaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Bill Shankley, kijana mfanyakazi wa karakana ya chuo, alisikia kwamba maskauti wa Marekani wanajaribu pete za mfupa, kamba na mti. Akachukua mkanda mwembamba wa ngozi wa cherehani, akausuka kuwa pete. Pete ya namna hiyo ndiyo bado anayokabidhiwa kiongozi mafunzoni.

Baden-Powell alipopewa ulodi mwaka 1929 alijiita Lord Baden-Powell wa Gilwell. Miaka yake ya mwisho aliimalizia Nyeri, Kenya, katika nyumba ndogo iitwayo Paxtu, akafariki Januari 8, 1941. Kaburi lake liko hapohapo Nyeri, na maskauti wa nchi nyingi hulizuru wakiwa na skafu za rangi za makundi yao. Wenye kiraka cha drafti mgongoni, watoke nchi yoyote ile, huhesabiwa wote kuwa wa kundi moja, Kundi la Kwanza la Gilwell Park.